Sura ya Tano: Nimesoma Ili Nije Kuuza Mahindi?

"Nimemaliza chuo, ajira sijapata, na nyumbani nikitaja biashara wananitazama kama mgonjwa. Nifanyeje?"

Vijana wengi wa Rukwa wana swali hili mdomoni. Utalisikia Sumbawanga mjini, utalisikia Laela na Namanyere. Sura hii italitazama kutoka Matai, kwa sababu Matai ni mahali ambapo swali lenyewe linaonekana waziwazi barabarani.

Matai ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo. Wilaya ni changa, ilianza mwaka 2012 baada ya kumegwa kutoka Sumbawanga Vijijini. Pamoja na wilaya zikaja ofisi za halmashauri na watumishi wa idara zake. Kwa mara ya kwanza mji huu ukapata watu wengi wanaoishi kwa mshahara, na kijana anayekua hapa akaanza kuona kwamba mwenye nyumba ya bati jipya na pikipiki ni mtumishi. Wakati huohuo lami ya kutoka Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga, kiasi cha kilomita 112, ikapita katikati ya mji. Kwenye lami hiyo magari hushusha dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, hupandisha mahindi na maharage, na yapo yanayochepuka kuelekea mpaka wa Zambia huko Kasesya. Yaani mji uleule ulipata mshahara na ukapata njia ya biashara, lakini familia nyingi zilichagua kuuona mshahara peke yake.

Kabla hatujaenda mbali, neno moja. Ujasiriamali ni kuona hitaji la watu, kuweka mali na nguvu zako ulitimize, na kukubali kwamba hasara ikitokea ni yako kama faida ilivyo yako. Mama anayenunua dagaa Kasanga na kuwauza Matai ni mjasiriamali kamili. Hahitaji ofisi wala tai.

Wazazi wanaogopa nini hasa?

Vitabu vingi vya biashara huanza kwa kumlaumu mzazi. Mimi naona mzazi ana hoja, na kijana asiyeisikiliza hoja hiyo ataanza vibaya.

Mshahara huja mwisho wa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Benki humkopesha mtumishi kwa kuangalia karatasi yake ya mshahara. Ana bima ya afya, na akistaafu ana mafao. Muuza mahindi hana hata kimoja kati ya hivyo. Akiugua mwezi mmoja, biashara nayo inaugua.

Kuna pia jambo zito zaidi. Kumsomesha mtoto katika kaya ya mkulima wa Ufipa, yaani uwanda huu wa Wafipa, kunagharimu mali halisi: magunia yaliyouzwa mapema kabla bei haijapanda, pengine ng'ombe wa plau. Wakati mwingine wadogo zake walisubiri ili yeye atangulie. Elimu ya mtoto mmoja ni akiba ya uzeeni ya watu wengi. Sasa mtoto huyo anarudi na cheti na kusema atanunua mahindi kijijini na kuyauza mjini, kazi ambayo binamu yake aliyeishia darasa la saba anaifanya tayari. Baba anajiuliza, ng'ombe wangu walikwenda wapi? Na siku ya posa, upande wa binti wakiuliza kijana anafanya kazi gani, kuna mtu atajibu: "Hana kazi, yuko tu na kaduka kake."

Hoja hiyo ni ya kweli, ila imejengwa juu ya picha ya zamani. Mzazi aliyekulia miaka ya 1970 alishuhudia mhitimu wa chuo cha ualimu akipangiwa shule mara anapomaliza. Picha hiyo imepita. Juni 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na wahitimu wa miaka hiyo walikaa nyumbani wakisubiri. Aprili 2017 ripoti ya uhakiki wa vyeti iliwataja watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Sisemi haikuwa haki. Nasema familia zilizotegemea mishahara hiyo ziliamka siku moja hazina kitu. Ajira zilirudi baadaye, lakini kila tangazo la nafasi za walimu au wauguzi huletewa maombi mengi kuliko nafasi zilizopo.

*Kwa kifupi: mzazi anapokataa biashara, mara nyingi hakatai biashara yenyewe. Anaogopa kupoteza akiba yake ya uzeeni, na anapima usalama wa ajira kwa mizani ya miaka yake.*

Je, ni mila yetu kudharau biashara?

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi wanaamini kwamba Mfipa kwa asili ni mkulima, na kwamba biashara ni ya Mwarabu, Mhindi, Mkinga au Mchaga. Historia ya uwanda huu inakataa.

Ukitembea Ufipa, hasa upande wa Nkasi, utakutana na mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma. Tanuru la Kifipa, lililoitwa ilungu, lilijengwa kwa udongo na kusimama juu kuliko kimo cha mtu, wastani wa mita 3 hivi. Halikuhitaji mivukuto. Matundu yaliachwa kuzunguka chini yake, mkaa na mawe ya chuma vikapangwa kwa tabaka, na moto ukajivutia hewa wenyewe. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilisafishwa tena katika tanuru dogo lililopulizwa kwa mivukuto, kisha mhunzi akakifua kuwa jembe, shoka au mkuki. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania (mtu anayesoma maisha ya kale kwa kuchunguza mabaki yaliyomo ardhini), ni miongoni mwa waliochunguza matanuru haya kwa miaka mingi.

Fikiria kazi iliyokuwamo. Kulikuwa na wachimba mawe na wachoma mkaa. Kulikuwa na fundi mwenye ujuzi wa tanuru aliyesimamia wote, na miiko iliyotakiwa kushikwa mpaka chuma kishuke. Kuwakusanya watu, kuwalisha, kutumia mali kabla hujaona matokeo, na kuvumilia kwamba tanuru linaweza kukataa na kazi yote ikapotea: huko ni kubeba hatari kwa matumaini ya faida, ndiyo maana ileile niliyoitoa mwanzoni mwa sura. Na majembe yaliyopatikana hayakuishia shambani kwa aliyeyatengeneza, yaliuzwa kwa majirani.

Kule bondeni, kando ya Ziwa Rukwa, watu walilima pamba na kufuma nguo kwa mikono, na wasafiri wa karne ya 19 waliziona. Roy Willis, mtafiti Mwingereza aliyeishi na Wafipa miaka ya 1960, aliandika kitabu kuhusu Ufipa ya kale kilichotoka mwaka 1981. Katika maelezo yake, kuuziana na kubadilishana mali vinakaa katikati kabisa ya namna Wafipa walivyojijenga.

Basi kijana wa Matai anayetaka kuchomelea plau na mikokoteni havunji mila ya babu zake. Anaendelea walipoachia.

Biashara ilichafuka lini?

Ilichafuka hatua kwa hatua.

Kwanza ukoloni. Jembe la kiwandani na kitambaa cha meli vilikuja kwa bei ambayo mhunzi na mfumaji hawakuiweza. Kodi nayo ikadaiwa kwa fedha. Ufipa ilikuwa mbali na reli, hivyo mahindi na ulezi wake havikuwa na soko la karibu. Njia iliyobaki kwa wanaume wengi ilikuwa kwenda kuuza nguvu zao: wengine wakaenda mashamba ya mkonge kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengine wakavuka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Fedha ikawa kitu anachokupa tajiri wa mbali. Misheni zikaleta shule, na mtoto aliyejua kusoma akawa katekista, mwalimu au karani, na kalamu ikaanza kuheshimiwa kuliko nyundo.

Kisha Uhuru, na Azimio la Arusha la Februari 1967. Azimio lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha. Nia yake ilikuwa safi, kuzuia wachache wasiwanyonye wengi katika nchi maskini, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba nia hiyo ilitupa umoja ambao majirani wengi hawakuupata. Lakini mafundisho yaliyokusudiwa kwa viongozi yalishuka hadi kwa mwenye duka la kijijini, naye akaitwa mnyonyaji. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya vijiji na ushirika. Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, msako wa wahujumu uchumi ulipita nchi nzima, na neno mlanguzi, mtu anayenunua na kuficha bidhaa ili auze kwa bei ya juu, likabandikwa hata kwa watu waliokuwa na magunia machache tu ya ziada.

Rukwa ilikuwa na sababu yake ya pekee. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 1974, ulikuwa mmoja wa mikoa iliyotegemewa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Shirika la Usagishaji la Taifa lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata kama kuyatoa Sumbawanga kuligharimu mafuta mengi ya lori. Kwa mkulima wa hapa bei hiyo ilikuwa baraka. Hata hivyo ilimfundisha kwamba kazi yake ni kulima tu, kutafuta soko ni kazi ya serikali, na anayesafirisha mahindi kwa faida yake anapaswa kuviogopa vizuizi vya barabarani. Waliokuwa watoto wakati huo ndio wazazi na babu wa leo.

Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia mwaka 1985 milango ilianza kufunguliwa, na Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza masharti ya uongozi. Sheria ilibadilika haraka. Moyo wa mtu haubadiliki kwa tangazo, na ndiyo maana hadi leo kijana akipata faida kuna atakayemwuliza kamwibia nani.

Chuma ulete na macho ya watu

Kuna kikwazo ambacho semina za biashara hukiruka kwa aibu. Watu huamini kwamba fedha inaweza kuvutwa kutoka kwenye droo yako kwa uchawi, na huiita chuma ulete. Mtu akistawi ghafla husemwa ana ndagu, yaani utajiri wa kishirikina unaodai kafara. Matokeo yake yanaonekana: mwenye mashine ya kusaga anaogopa kununua ya pili, au mwenye duka anahamia mji mwingine ili asitazamwe na ndugu.

Sitabishana na imani ya mtu hapa. Nitasema ninachokiona katika biashara ndogo: duka ambalo fedha "zinayeyuka" ni lile lisilo na daftari. Asubuhi mwenye duka alitoa shilingi 3,000 za mboga, mchana mtoto akachukua daftari la shule na sabuni, jioni mjomba akapewa nauli. Hakuna kilichoandikwa, na mwisho wa mwezi fedha haipo. Anayeandika kila kinachotoka huiona njia fedha iliyopitia. Na kwa jirani anayenong'ona, hakuna jibu zuri kuliko kazi inayoonekana mchana. Mkamua alizeti ambaye wakulima wanamwona akipokea mbegu, akikamua, akiwauzia mafuta na mashudu, hana fumbo la kuulizwa.

*Kwa kifupi: dharau kwa biashara katika Ufipa si ya asili. Ililetwa na kodi ya mkoloni, ikaongezwa na siasa za miaka ya 1970 na 1983, na inalishwa na hofu ya macho ya watu.*

Hesabu moja ya mahindi

Tuache maneno, tuhesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu, kila msimu una zake.

Tuseme kijana ananunua magunia 20 ya kilo 100 wakati wa mavuno, kila moja kwa shilingi 50,000. Hiyo ni 1,000,000. Anaweka mahindi katika mifuko ya PICS, ile yenye nailoni mbili ndani inayozuia hewa hadi dumuzi wanakufa bila dawa, kwa 5,000 kila mmoja: 100,000. Usafiri na vibarua 60,000. Pango la chumba cha kuhifadhia 40,000. Jumla ametumia 1,200,000, na huo ndio mtaji wake, yaani mali yote iliyoingia kwenye kazi. Miezi sita baadaye anauza kwa 75,000 kila gunia. Mauzo ni 1,500,000. Faida ni 300,000.

Sasa tuyaangalie mambo mawili ambayo hayamo katika hesabu hiyo.

La kwanza ni bei. Ikipanda hadi 58,000 tu, mauzo ni 1,160,000, na kijana amepoteza 40,000 ingawa aliuza kwa bei ya juu kuliko aliyonunulia. Hili si la kubuni. Katikati ya mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na waliokuwa na akiba katika mikoa kama Rukwa waliona bei ikianguka. Biashara ya samaki nayo ina lake: kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, na aliyekuwa anaishi kwa migebuka peke yake alikaa miezi mitatu bila bidhaa. Ndiyo maana wazoefu hawaweki kila kitu kwenye bidhaa moja.

La pili ni ndugu. Tuseme bei ni nzuri, faida ni 300,000, halafu unakuja mchango wa harusi 100,000, ada ya mdogo wake 150,000, na shangazi ana mgonjwa. Faida imekwisha, kinachofuata ni mtaji wenyewe. Mtumishi anapoombwa mchango anatoa sehemu ya mshahara, na mwezi ujao mshahara unarudi kamili. Mfanyabiashara akitoa mtaji, msimu ujao ananunua magunia 15 badala ya 20. Wengi tunaosema wameshindwa biashara hawakushindwa na soko. Waligawa mbegu.

Sisemi kijana awanyime ndugu. Ndugu ndio bima pekee aliyo nayo. Nasema ajilipe mshahara. Achague kiasi, tuseme 40,000 kwa mwezi, akiite mshahara wake, na michango yote itoke humo. Akiulizwa, ajibu kwa ukweli: mshahara wangu ni huu, mali iliyobaki ni ya biashara. Watu wa hapa wanaelewa mshahara, wameuheshimu kwa miaka mia.

Kuanza bila kuvunja na nyumbani

Haya ndiyo ningemwambia kijana aliyeniuliza swali la mwanzo.

- Usiwatangazie wazazi kwamba umeacha kutafuta ajira. Omba kazi zinapotangazwa, na katikati ya tangazo na tangazo fanya biashara. Vinakaa pamoja.
- Anza na kidogo kinachoweza kupotea bila kuuza ng'ombe wa mtu.
- Tumia elimu yako pale binamu yako hafiki: kuandika hesabu, kuulizia bei za Sumbawanga na Tunduma kabla ya kununua, kupima unyevu wa mahindi, kusoma masharti ya mkopo kabla ya kutia saini.
- Mwonyeshe baba daftari kila baada ya mavuno, hata msimu wa hasara. Hasara iliyoandikwa inamtia moyo kuliko faida ya kusimuliwa.

Kuhusu mtaji, njia ya karibu kwa wengi ni VICOBA, vikundi vya watu wanaonunua hisa ndogo kila wiki na kukopeshana, mfumo uliotokana na kazi ya shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Njia nyingine ni mkopo usio na riba wa halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, kisha ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Anayetaka kusindika, yaani kukamua alizeti au kusaga na kufungasha unga wa ulezi, aende SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Namba ya mlipakodi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, bila malipo.

Na wewe mzazi unayesoma sura hii Matai, Mwazye, Kasanga au popote Ufipa: mwanao akirudi na cheti na magunia kumi, msimu huu usimwulize ajira imefikia wapi. Mwombe akusomee daftari. Kisha mkwe akiuliza kijana anafanya kazi gani, jibu kwa sauti kwamba ni mfanyabiashara.